Laptopu ya zamani inawaka ila haifunguki: ukarabati, upige Windows upya, ubadili diski au uhamie Linux?

Mtu akisema "laptopu yangu haiwaki," muulize maswali mawili kabla hujamhurumia. Taa inatokea? Nembo ya kampuni inaonekana kwenye kioo? Mara nyingi atajibu ndiyo, na hapo unajua kwamba mashine inawaka vizuri tu, ila haifunguki. Inafika kwenye nembo, viduara vinazunguka, vinazidi kuzunguka, kisha inakuja skrini ya bluu, au maandishi meupe juu ya kioo cheusi, au inajizima na kuanza upya kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Kuwaka ni kazi ya umeme na bodi. Kufunguka ni kazi ya diski na mfumo endeshi. Anayechanganya mawili haya hujikuta anapiga Windows upya kwenye mashine yenye chaja mbovu.

Makala hii inawahusu zaidi wale ambao mashine yao haifunguki. Ushauri wanaopewa ni uleule siku zote: karabati Windows iliyomo, ipige upya (yaani uisakinishe tena), badili diski, au achana na Windows uweke Linux, mfumo endeshi mwingine. Njia zote nne ni sahihi, kila moja kwa mashine yake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: laptopu ikiwa imepita miaka sita na bado inatumia hadi diski (hard disk, ile ya sahani inayozunguka) iliyotoka nayo kiwandani, mshukiwa wa kwanza ni diski. Windows inafuata. Wengi huanza kinyume, na ndiyo maana hupoteza picha zao.

## Kwanza ondoa shaka ya umeme na kioo

Ikiwa hakuna taa wala sauti, usifikirie Windows kabisa. Chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Hilo humaliza chaji iliyobaki kwenye bodi, ambayo wakati mwingine huuacha mfumo wa umeme umekwama. Rudisha chaja peke yake, bila betri, ujaribu. Mashine nyingi zilizotangazwa kufa huamka hapo. Angalia pia wati za chaja: nyingi hutoa volti 19 au 20, lakini chaja ya wati 45 kwenye mashine inayotaka wati 90 inaweza kuiwasha na kisha kuiangusha kazi ikizidi. Na ukiona betri imevimba, usiichome wala usiiminye. Itoe na uendelee bila yenyewe.

Taa zipo na feni inavuma, lakini kioo ni cheusi? Mulika tochi kwenye kioo kwa pembe. Ukiona picha hafifu, mashine imefunguka. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya kioo. Unganisha skrini ya nje au runinga uhakikishe. Kama na huko ni giza, toa RAM (kadi ya kumbukumbu ya muda), safisha meno yake kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka isikike imeshika. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Milio ya kurudiarudia au taa ya Caps Lock inayopepesa ni lugha ya mtengenezaji, na kila kampuni ina yake, hivyo tafuta maana yake kwa jina la modeli.

Na kama ulimwaga chai kwenye kibodi mwezi uliopita, mwambie fundi. Mficha uchi hazai, na bodi iliyoanza kuliwa na kutu haiwezi kutibiwa kwa kupiga Windows.

## Inakwama wapi?

Tukifika hapa, mashine inaonyesha kitu kwenye kioo. Soma inachosema kabla hujabonyeza chochote, au kipige picha kwa simu.

Ikiandika "No bootable device" au "Operating system not found", maana yake imetafuta pa kuanzia ikakosa. Ingia BIOS, programu ya mipangilio iliyo ndani ya bodi (kwa kawaida ni F2, F10, Esc au Delete mara tu baada ya kuwasha) utazame kama jina la diski limo kwenye orodha. Halimo? Basi ni diski yenyewe, au waya na soketi yake. Limo? Basi diski inaonekana, na shida imeingia kwenye mipangilio au kwenye mfumo.

Mipangilio ninaitaja kwa sababu ilinitia aibu. Niliwahi kuletewa laptopu ya ndugu yangu iliyokuwa ikitoa ujumbe huohuo kila ilipokaa siku mbili bila umeme. Nikawasha kwa flashi ya Windows, kisakinishi kikakataa kwa sababu diski ilikuwa imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR wakati mashine iko kwenye UEFI, mtindo mpya wa kuanzisha mashine. Nami kwa kujiamini nikaifuta diski yote nikaanza upya. Ilifanya kazi. Wiki iliyofuata ndipo nilipoona kwamba tarehe ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Kumbe betri ndogo ya saa, ile ya umbo la sarafu inayoitwa CR2032, ilikuwa imekwisha. Kila umeme ulipokatika, BIOS ilisahau kwamba mashine hiyo ilipangwa kuanza kwa mtindo wa zamani, ikarudi kwenye UEFI, isione kitu. Kilichohitajika ni kubadili mstari mmoja na betri ya volti 3. Mimi nikafuta diski nzima.

Kwa hiyo ukiona saa na tarehe si sahihi, anza na betri hiyo. Betri ikifa inaweza pia kubadili namna bodi inavyozungumza na diski, kwa mfano kutoka AHCI kwenda IDE au RAID, na hapo Windows hutoa skrini ya bluu yenye neno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, au 0x7B kwenye Windows 7, ingawa diski ni nzima.

"BOOTMGR is missing" ni habari tofauti: kipande cha mfumo kinachoanzisha Windows kimepotea au kimeharibika. Hakikisha kwanza hujaacha flashi imechomekwa. Mashine nyingi hujaribu flashi kabla ya diski na kulalamika kwa sababu hiyo tu. Viduara visivyokoma vina tafsiri mbili: sasisho lililokwama, au diski inayohangaika kusoma sehemu zilizochakaa. Tafsiri ya pili ndiyo ninayoiogopa.

## Mafaili kwanza: kwa flashi au kwa waya?

Kabla ya kuchagua njia yoyote kati ya nne, toa mafaili yako. Hata ile njia inayosemwa "haigusi mafaili" huandika kwenye diski, na diski mbovu haipendi kuandikwa.

Namna ya kwanza ni flashi ya Linux. Unapakua Linux Mint kwenye kompyuta nyingine, unaiweka kwenye flashi ya GB 4 au zaidi, unawasha laptopu kwa flashi hiyo na kuchagua kuijaribu bila kuiweka. Mfumo unaendeshwa kutoka kwenye RAM na flashi, diski yako inaonekana kama folda, unanakili kwenda diski ya nje. Haihitaji bisibisi. Faida yake nyingine ni kwamba inapima mashine: Linux ikikaa saa moja bila kuganda, bodi, RAM na kioo vina uwezekano mkubwa wa kuwa salama, na unaowashuku wamebaki diski na Windows.

Namna ya pili ni kuitoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa SATA (kiunganishi cha diski za laptopu nyingi) kwenda USB. Hii ni bora pale laptopu yenyewe haitulii, inapojizima kila baada ya dakika chache. Kwenye laptopu nyingi za zamani diski iko chini ya kifuniko cha skrubu mbili tatu tu. Ukiichomeka kwenye Windows na ikakuuliza kama uifomati, jibu ni hapana. Na ikikuomba uikague na kuirekebisha, hapana vilevile, angalau mpaka umalize kunakili.

Mimi huanza na flashi karibu kila mara, isipokuwa diski inapogonga. Sauti ya tik, tik, tik ya mpangilio ni kichwa cha kusomea kinachoshindwa kupata njia, na kila dakika ya umeme inaongeza hasara. Hapo kama mafaili ni ya thamani kubwa, zima na umpelekee mtu wa kuokoa data. Usiigande kwenye friji. Ushauri huo wa zamani huleta unyevunyevu ndani ya diski na kumalizia kilichobaki.

Tahadhari moja: diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, utahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Bila huo, hakuna fundi wala flashi itakayosoma chochote.

## Diski ihojiwe

Ukiwa bado kwenye flashi ya Linux, fungua programu ya Disks, chagua diski yako, utazame data za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa vizuri na CrystalDiskInfo. Orodha ni ndefu na majina yake yanatisha, lakini kwa hadi diski mimi hutazama namba tatu. Namba 5 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika na kuhamishiwa kwenye akiba. Namba 197 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua. Namba 198 ni zile zilizoshindikana kabisa. CrystalDiskInfo huziandika 05, C5 na C6.

Sekta chache zilizohamishwa ambazo hesabu yake haipandi kwa miezi zinaweza kuvumilika. Lakini 197 ikiwa juu ya sifuri, na ukiitazama tena baada ya kunakili mafaili ukakuta imepanda, hukumu imetoka. Usipige Windows kwenye diski hiyo. Utaiweka kwa saa tatu, itafunguka, utafurahi, na ndani ya wiki chache utarudi palepale.

SMART nayo si malaika. Diski inaweza kuandikiwa "nzuri" huku faili la MB 500 likinakiliwa kwa kasi ya kilobaiti. Kasi ikishuka, inasimama, inarudi, inasimama, mimi huamini macho kuliko ripoti.

## Njia nne, sambamba

| Njia | Mafaili | Programu | Inafaa | Haifai |
|---|---|---|---|---|
| Kukarabati Windows iliyomo | Hubaki | Hubaki | Shida ilianza baada ya sasisho, draiva au umeme kukatika | Diski inakufa, au Windows imeoza miaka mingi |
| Kupiga Windows upya kwenye diski ileile | Hubaki au hufutika, kwa chaguo lako | Hupotea | Diski nzima kiafya, mfumo umeharibika | Sekta mbovu, au hujatoa mafaili |
| Diski mpya ya SSD (isiyo na kinachozunguka) na mfumo mpya | Yako salama kwenye diski ya zamani | Hupotea, isipokuwa ukinakili diski nzima | Diski mbovu, au mashine nzito kupita kiasi | Bodi au kioo ndiyo shida |
| Kuhamia Linux | Toa kwanza | Utatafuta mbadala | Windows yako imeishiwa msaada, matumizi ni mtandao na hati | Unategemea programu ya Windows pekee |

Jedwali linadanganya kidogo, kwa sababu linazipa njia zote uzito mmoja. Hazilingani.

Kukarabati ndiko kwa haraka, na panapostahili ndiko bora kuliko njia zote. Windows 10 na 11 zikishindwa kufunguka mara mbili tatu mfululizo huleta zenyewe menyu ya bluu ya ukarabati. Kwenye Windows 7 unagonga F8 kabla nembo haijatokea. Humo ndani watu hukimbilia Startup Repair, chombo ambacho kwa uzoefu wangu hujibu "imeshindikana" mara nyingi kuliko kinavyoponya. Mimi huuliza kwanza: ilianza lini? Kama ni baada ya sasisho, nenda kwenye "Uninstall Updates". Kama ni baada ya kuweka draiva au programu, jaribu Safe Mode (Windows ikifunguka na vya lazima tu) uiondoe, au System Restore uirudishe mashine kwenye hali ya siku za nyuma. Hiyo haigusi picha wala hati zako, ila kwenye mashine nyingi huwa imezimwa, na utakuta hakuna pa kurudi.

Kisha kuna amri, unazoziandika kwenye Command Prompt ya menyu hiyohiyo. `sfc /scannow` hukagua mafaili ya mfumo. `bootrec /rebuildbcd` hutafuta Windows na kuiandika upya kwenye orodha ya kuanzia. `bootrec /fixmbr`, inayopendekezwa kila mahali, ina maana kwenye mashine za BIOS ya zamani. Kwenye UEFI yenye diski ya GPT (mgawanyo mpya uliorithi MBR) haigusi kinachoanzisha mashine. Kumbuka kwamba ndani ya menyu hiyo herufi hubadilika: C yako inaweza kuitwa D, hivyo andika `dir` uone kilichomo kabla ya kuamuru.

Ninayoiogopa ni `chkdsk /r`. Husoma kila sekta ya diski, na kwenye diski ya TB 1 inaweza kuchukua saa nyingi. Kwenye diski yenye afya ni ukaguzi mzuri. Kwenye diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo. Nimeshuhudia diski iliyokuwa bado inasomeka asubuhi, ikaachiwa amri hiyo usiku kucha, na kulipokucha BIOS haikuiona tena.

Kupiga upya kuna sura mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni "Reset this PC" kutoka kwenye menyu ya ukarabati, ukichagua kubakiza mafaili: folda zako hubaki, programu na mipangilio vinaondoka. Tangu mwaka 2020 Windows 10 inaweza kupakua mfumo mpya kutoka mtandaoni badala ya kutumia ule uliomo, jambo zuri iwapo uliomo umeharibika, lakini linaweza kula zaidi ya GB 4 za data. Ya pili ni kupiga safi kwa flashi ya angalau GB 8, kufuta patisheni zote na kuanza na diski tupu.

Kati ya hizo mbili, kwa laptopu ya zamani mimi huchagua kupiga safi, maadamu mafaili yameshatoka. Reset ya kubakiza mafaili hukwama katikati mara kwa mara kwenye mashine dhaifu, na ikikwama unabaki na Windows nusu. Zaidi ya hapo, laptopu iliyotumika miaka saba ina mabaki ya antivirusi tatu na draiva za printa ambayo haipo tena. Leseni isikusumbue: kwenye Windows 10 iliyokwisha kuamilishwa, leseni hufuata bodi, kwa hiyo baada ya kupiga upya inajitambua ikipata mtandao. Mashine nyingi zilizouzwa na Windows 8 na kuendelea zina ufunguo ndani ya bodi. Za Windows 7 zina kibandiko chini ya tumbo. Kipige picha kabla hakijafutika. Office na programu nyingine za kulipia ni habari nyingine, hivyo tafuta funguo zake kabla ya kufuta.

Diski mpya ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia pekee kati ya nne ambayo huiacha mashine ikiwa bora kuliko ilivyokuwa kabla ya kuugua.

Hadi diski ya laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kila faili linapoitwa, kichwa lazima kisogee na sahani izunguke mpaka mahali pake, kazi ya milisekunde kumi na zaidi. Kufungua Windows ni kuita maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. SSD haina kinachosogea, na huitika kwa sehemu ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana usijali sana maneno ya kasi ya juu kwenye pakiti. Laptopu yenye SATA ya kizazi cha pili haiwezi kuvuka takriban MB 280 kwa sekunde, wakati SSD ya SATA inaweza kufika 550, na bado tofauti utaiona ukiwa umesimama mlangoni: kilichochukua dakika tatu kinachukua nusu dakika.

Je, ununue hadi diski nyingine badala yake? Kwa mfumo, hapana. Ubora wake uliobaki ni ujazo mkubwa na tabia ya kuugua kwa ishara kabla ya kufa, ilhali SSD inaweza kuondoka ghafla bila kugonga wala kunong'ona. Kwa hiyo bakapu haikwepeki ukiwa na SSD, inazidi kuhitajika. Anayetaka vyote, na laptopu yake ina sehemu ya DVD isiyotumika, anaweza kuweka pale kikasha cha kushikilia diski ya pili. Pima unene kwanza, kwani sehemu hizo zipo za milimita 12.7 na 9.5.

Kabla ya kununua, fungua uone. Laptopu nyingi za zamani hutumia diski ya inchi 2.5 ya SATA, na SSD za aina hiyo zina unene wa milimita 7, hivyo huingia hata mahali palipokuwa na diski ya 9.5. Zile kongwe kabisa zina kiunganishi cha IDE chenye safu mbili za pini, ambacho hakiendani na SATA. Na ukikuta soketi ya M.2, ile ya SSD zenye umbo la kadi, usidhani kila M.2 inaingia: kuna ya SATA na ya NVMe, aina mpya zaidi, na BIOS nyingi za zamani haziwezi kuanza kutoka kwenye NVMe hata kama imekaa vizuri.

Swali linalofuata ni kunakili diski nzima au kupiga safi kwenye SSD. Kunakili kunavutia kwa sababu programu zote hubaki. Lakini fikiria ulifikaje hapa: Windows haifunguki. Ukiinakili ilivyo, utakuwa na ugonjwa uleule, safari hii kwenye diski ya kasi. Nakili tu pale ambapo mfumo bado unafunguka na diski inaanza kuonyesha dalili. Nje ya hapo, piga safi.

Linux huwagawa watu kama mpira. Tuanze na tarehe, maana zinaamua mengi. Msaada wa Windows 7 uliisha Januari 14, 2020. Wa Windows 8.1 uliisha Januari 10, 2023. Wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi unafika Oktoba 2026. Windows 11 rasmi inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa upande wa prosesa za Intel kwa ujumla ni kizazi cha nane kuja juu. Zipo njia za kuilazimisha kwenye mashine za chini ya hapo, lakini kuilazimisha kwenye laptopu ambayo tayari inasumbua kufunguka ni kujitafutia mengine.

Hivyo mwenye laptopu ya mwaka 2013 anayepiga Windows leo anaweka mfumo ulioishiwa au unaokaribia kuishiwa masasisho. Linux Mint 22, ya mwaka 2024, ina msaada mpaka 2029, na toleo lake jepesi la Xfce linatembea vizuri kwenye GB 4 za RAM. Kwenye GB 2 huwaka, lakini kivinjari chenye kurasa tano kitakukumbusha umri wa mashine. Prosesa za biti 32 zimebaki na milango michache: hata Debian, iliyozivumilia kwa muda mrefu, haikutoa kisakinishi chake katika toleo la 13 la mwaka 2025.

Unachopoteza ni programu za Windows pekee. Photoshop haipo, programu nyingi za uhasibu hazipo. LibreOffice inafungua hati za Word, ila jedwali lenye mapambo mengi linaweza kuhama ukurasa, na anayetuma ripoti kwa ofisi yenye Word atachoka. WiFi ya baadhi ya chipu za Broadcom huhitaji draiva ya ziada. Yote haya unaweza kuyapima kabla ya kuamua, kwa flashi ileile uliyotolea mafaili: WiFi inashika? Sauti inatoka? Ukiifunga na kuifungua inaamka? Njia nyingine tatu hazikupi nafasi hiyo ya kuonja.

## Ningechagua nini

Diski ina afya, shida imeanza juzi baada ya sasisho: karabati, na ujipe kikomo cha jioni moja. Ukiona saa ya tatu bado unanakili amri kutoka mtandaoni, acha.

Diski ina sekta zinazosubiri, prosesa ni i3 au i5 ya miaka kumi hivi, RAM GB 4: SSD bila kusita, na ukiweza ongeza RAM mpaka 8. Angalia kwanza aina yake, kwa kuwa DDR3 ya pini 204 haiingii kwenye soketi ya DDR4 yenye pini 260, na baadhi ya mashine hutaka DDR3L ya volti 1.35, si ya 1.5. Juu ya SSD hiyo uweke Windows au Linux kutegemea programu usiyoweza kuiacha. Kama huwezi kutaja jina la programu hiyo ndani ya sekunde tano, pengine huna.

RAM GB 2 na prosesa ya miaka ya mwanzo ya Windows 7: Linux nyepesi kwenye diski yoyote isiyo mbovu uliyonayo, bila kutumia zaidi.

Bodi inayojizima hata kwenye flashi ya Linux, baada ya kubadili RAM na kusafisha feni: hakuna njia kati ya hizi nne inayoihusu. Toa diski, iweke kwenye kikasha cha USB, na laptopu iwe akiba ya kioo, kibodi na chaja kwa mwenzake wa modeli hiyo.

Ukibadili diski, ile ya zamani usiifomati wiki hiyo. Ibandike karatasi yenye tarehe, uiweke kwenye droo kwa miezi miwili. Kuna folda moja ambayo hukuikumbuka wakati wa kunakili, na utaikumbuka siku utakapoulizwa cheti.